Keni ya Maziwa na Nguo ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa na nguo yake ya kuzikiwa, na aliiweka juu ya kabati, chumbani tunamolala. Naanza na hilo kwa sababu watu wetu wa huku Stockholm wakisimulia kisa hiki huanzia kwa panya. Hakikuanzia kwa panya. Kilianzia kwangu mimi, kwa woga wangu na huu mdomo wangu.

Yeye alikuwa Muganda, mwalimu, aliyekimbia kwao miaka ya sabini na begi moja tu. Ndani ya begi hilo mama yake alimwekea nguo ya gome la mti, wenyewe wanaiita lubugo, rangi yake kama udongo wa kichuguu. Kwao mtu huzikwa nayo. Mama alimwambia hajui mwanawe atafia nchi gani, ila popote atakapofia asizikwe kama mtu asiye na kwao. Haya alinisimulia mwaka tuliooana, kwenye nyumba yetu ya Bredäng, ghorofa ya sita. Niliitazama nikasema haya, kila watu na lao. Wakati ule alikuwa na mabega ya kubebea gunia, na nguo ya kuzikia ya mtu mwenye afya haimtishi mtu.

Alipougua ini ndipo nilipoanza kuiona kila siku. Aliacha kazi ya bohari, akawa wa kukaa ndani. Jumapili tukitoka kanisani alikuwa anaishusha ile nguo, anachovya vidole kwenye bakuli la maji, anainyunyizia, kisha anaitandaza kitandani na kuipapasa. Alisema gome likikauka sana hukatika kwenye mikunjo, na nyumba za huku zenye mabomba ya joto hukausha kila kitu. Mimi naingia na chai, namkuta amekaa na kifo chake juu ya kitanda changu. Lo! Kwetu Handeni jambo hilo lina jina. Linaitwa uchuro. Mgonjwa hasemewi kaburi, hapimwi jeneza, na sanda haitandazwi mahali anapolala na mkewe.

Nilivumilia wiki kadhaa, halafu nikalipuka. Mimi ni mtu wa hasira, sijifichi. Nilimwambia anakiita kifo kwa jina na kukikaribisha kitandani. Nilimwambia mama yake kama angempenda angempa blanketi. Hilo nililisema, na halifutiki. Nikamalizia kwamba achague, ama nguo ama mimi.

Hakunijibu siku hiyo. Alikuwa hivyo, ukimpigia kelele ananyamaza kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kesho yake asubuhi, kwa Kiswahili chake kile alichookota kwa askari wa Kampala na kukimalizia kwangu, akasema, "Hiyo nguo inaweza lala inje. Lakini siku mimi naiita, irudi. Na panya isiiguse."

Nikala kiapo. Niliapa kwa uhai wa mama yangu kwamba siku atakayoitaka itakuwa mikononi mwake, nzima.

Kulikuwa na stoo ya chini ya jengo, kila nyumba na kijichumba chake cha waya, lakini nikasema hapana, chini ya ghorofa sita bado ni kwangu. Nilitaka iende mbali. Basi nikaongea na mama mmoja wa Kiswidi niliyefanya naye kazi kule uwanja wa ndege, jikoni, tukipanga vyakula vya abiria kwenye sinia. Alikuwa na stuga, nyumba ndogo ya mbao aliyoachiwa na baba yake, msituni kupita Märsta. Alikwenda huko wiki mbili za Julai na siku chache za kuchuma uyoga, basi, mwaka mzima imefungwa. Alikubali hata kabla sijamaliza kueleza. Akanionya jambo moja: majira ya baridi ile nyumba si yake tena, ni ya panya. Wanaingia theluji ikianza na hawatoki mpaka majira ya kuchipua.

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta chombo, na nikisema ukweli, wiki zile za kuchagua chombo zilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka ule. Mume wangu alisahau ugonjwa. Alirudia ualimu wake.

Kwanza nilileta boksi gumu kutoka kazini. Yule mama alicheka mpaka akashika meza, akasema hilo panya watanishukuru, watalitafuna wapate tandiko na nguo wapate shuka. Nikaleta ndoo ya plastiki yenye kifuniko, zile za kuletea samaki wa siki. Siku iliyofuata akaniletea ya kwake kutoka msituni, ukingo umegugunwa pande zote na tundu la kupitisha dole gumba. Isitoshe, hata niliposugua ile yangu kwa soda na limao, bado ilinuka samaki. Mume wangu aliingiza pua, akaitoa, akaniuliza kama nataka akutane na babu zake ananuka hivyo.

Nikakumbuka sanduku langu la bati, lile nililosoma nalo bweni Korogwe na kuja nalo huku. Nilikuwa na imani nalo, limeshinda mchwa na wezi wa bwenini. Yeye akalifunga, akachukua penseli, akaanza kuipitisha kwenye ukingo pole pole kama daktari anayetafuta panapouma. Kwenye pembe, mahali kifuniko kilipopinda, penseli ikazama. Yule mama alikuwa amesema panapopita penseli panya mdogo anapita. Mume wangu aliniangalia kwa furaha ya mwalimu aliyemkamata mwanafunzi. Sanduku likarudi chini ya kitanda.

Nikamuuliza kwao waliiweka kwenye nini. Akasema mama yake aliiweka kwenye kikapu cha matete, kinatundikwa darini. Nilicheka. Kikapu! Nikamwambia panya wa kwao lazima walikuwa wameokoka. Akacheka na yeye, na hakuendelea. Hakuwa na cha kuendelea nacho, kwa sababu mambo ya nyumbani kwenu huyajui kwa maelezo, unayajua kwa kuyaona tu, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kikapu ni cha nini.

Mwisho nikaipata keni ya maziwa. Ilikuwa kwenye mnada wa vitu vikuukuu, ukumbini kwa kanisa la jirani, ya alumini nzito, ile wafugaji wa zamani waliyopelekea maziwa kiwandani, na kifuniko kinachozama shingoni. Niliibeba kwenye treni ya chini ya ardhi nimeikumbatia, Waswidi wakitazama dirishani kuniepuka. Penseli haikupita. Hata njiti ya kiberiti haikupita. Mume wangu aliizungusha keni nzima, akaigonga, akasema huyu panya atakayeingia humu apewe cheti.

Lakini mimi sikuridhika. Mama yangu alihifadhi mbegu za mahindi kwenye kibuyu, na mdomo wa kibuyu aliuziba kwa nta ya nyuki. Miaka yote sikumwona panya wala fukusi aliyezigusa mbegu zake. Nikanunua mishumaa ya nta, nikaiyeyusha kwenye sufuria. Kwa upande wake mume wangu aliishusha nguo mara ya mwisho, akainyunyizia maji vizuri kuliko siku zote kwa kuwa ilikuwa inakwenda kukaa muda mrefu, akaikunja, akaikunja tena, tukaisokota kama mkeka ipite shingoni mwa keni. Kifuniko kikazama. Nikamimina nta kuzunguka ukingo, safu moja, ikapoa, safu ya pili. Nikapitisha kidole, laini kama kioo.

Alifanya kama mama yake alivyomfundisha. Nami nilifanya kama mama yangu. Ila mama yangu kabla ya kuziba alianika mbegu juani siku tatu, na alikuwa akitupiga vidole tukijaribu kufunika kitu kibichi. Hilo nililijua tangu sijaota meno ya ukubwani. Siku ile halikunijia kabisa. Kichwani mwangu mlikuwa na panya tu.

Niliipeleka mwenyewe mwishoni mwa Agosti, jua bado lina nguvu. Yeye hakuweza safari, miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Treni mpaka Märsta, basi, halafu mwendo wa miguu kwenye njia ya msituni, keni nimeifunga mgongoni kwa khanga kama mtoto. Niliiweka pembeni mwa jiko la kuni, nikafunga mlango, na nikirudi nilihisi mwili mwepesi. Kitanda changu kilikuwa changu tena.

Novemba akaniuliza kama nimekwenda kuitazama. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekwenda. Giza lilikuwa linaingia mchana, zamu zangu zilikuwa za kukata mgongo, na niliiamini nta yangu. Akauliza panya je? Nikamwambia hakuna panya duniani wa kuingia mle, na hilo angalau nililiamini kwa moyo wote. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Baada ya Krismasi akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Mzee mmoja wa Kiganda aliyekaa Upplands Väsby, ambaye ndiye mkubwa wao hapa mjini, alikuwa anakuja kila Jumapili kukaa naye. Walizungumza Kiganda kwa sauti ya chini, nami nikipata nafasi ya kwenda kunawa uso. Mwezi wa tano daktari alituambia waziwazi kwamba hakuna zaidi la kufanya. Mume wangu alimshukuru. Daktari alipotoka akanigeukia akasema, "Sasa niletee."

Nilikwenda asubuhi iliyofuata. Yule mama wa kazini alinipa ufunguo, akataka kunisindikiza, nikakataa. Nilipofungua mlango wa stuga nilikutana na kazi ya panya ya majira mazima ya baridi. Mavi yao kila mahali, meusi kama punje za mchele ulioungua. Godoro limechimbwa, mto umemwagwa, kitabu cha nyimbo za kanisa kimeliwa mgongo. Na katikati ya balaa hilo keni yangu imesimama inang'aa. Nta haina hata alama ya jino. Nilipiga kigelegele peke yangu mle ndani, jamani, nilipiga kigelegele. Nilikuwa nimeshinda.

Nikakwangua nta kwa kisu na kuvuta kifuniko. Harufu iliyotoka ilinirudisha nyuma. Ilikuwa harufu ya uvundo, ya kitu kilichozikwa na kufukuliwa. Niliingiza mkono nikagusa maji. Nguo ilikuwa nyeusi, ina manyoya ya ukungu, meupe na ya kijani, na nilipoivuta ikaja kipande, si nguo, kipande, kama ugali uliolala kwenye maji. Nikavuta tena kikaja kingine. Nilivipanga vipande sakafuni nikijaribu kuviunga, nikitafuta hata pahala pazima pa kutosha kumfunika uso. Hapakuwepo. Nililia mpaka nikatapika.

Nilinawa kwenye pipa la mvua, nikajisugua kwa majani, nikapanda basi na treni mikono mitupu. Njia nzima nilitafuta maneno. Niliyajaribu kwa Kiswahili, kwa Kiswidi, hata kwa Kiganda changu cha kuombea chumvi. Nilimuapia. Nilimtolea nguo yake kitandani kwa ukali, nikamwambia nimekwenda kuitazama wakati sikwenda. Ningeanzia wapi?

Nilimkuta hospitalini, macho. Aliangalia mlango, akaangalia mikono yangu, akaelewa kwamba sikubeba kitu. Nikakaa. Akaushika mkono wangu akauvuta mpaka shavuni, akaulaza pale, akafumba macho muda mrefu.

"Panya?" akaniuliza.

Nikasema, "Panya."

Kisha akasema, "Si kosa yako. Wewe umepigana nao." Akaniomba radhi kwa kuniletea uchuro chumbani. Yeye aliniomba radhi mimi! Nami nikaipokea, nikasema yamekwisha, pumzika. Alifariki siku ya nne.

Habari ya panya ilisambaa kabla hatujazika. Wanawake wa Bredäng waliokuja kupika walikaa jikoni kwangu wakiwalaani panya wa Kiswidi, wanaokula mpaka sanda ya mtu. Walinishika mabega, wakanisifu jinsi nilivyohangaika na keni na nta. Kila mmoja aliyeingia alisimuliwa upya, na mimi niliitikia. Nilikuwa nalia, na hakuna anayemhoji mjane anayelia.

Yule mzee wa Upplands Väsby alikuja na nguo yake mwenyewe, aliyojiwekea siku yake ikifika. Mbele yetu sote aliikata katikati kwa mkasi. Nusu wakamvika mume wangu juu ya suti, ikamfika magotini tu, akazikwa hivyo kwenye makaburi ya hapa, yaliyopandwa majani yakakatwa sawasawa. Niliitazama ile miguu isiyofunikwa nikajua ni mimi niliyeipunguzia nguo.

Arobaini ilipopita mzee akaja nyumbani. Alivua viatu, akanywa chai, akatoa kwenye mfuko ile nusu iliyobaki. Akasema amebaki nayo na yeye ni mzee, hana mtu wa kumtunzia, na nyumba yake ya chini ina panya. Akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye niliyehangaika na mambo haya kuliko wote, nimshauri chombo gani anunue.

Nilikuwa na jibu tayari. Keni ya maziwa. Kila mtu mjini alijua kwamba nilitumia keni ya maziwa, na ningeweza kuongeza tu kwamba mimi sikubana vizuri, yeye abane zaidi. Angenishukuru, angeondoka, na ile nusu ingeoza kama ile nzima. Niliitazama ilivyolala mapajani mwake, na alivyokuwa akiipapasa kwa vidole, vile vile alivyofanya mume wangu.

"Usiifunge, mzee," nikasema. "Iache ipate hewa."

"Na panya?"

"Hakukuwa na panya."

Nikamweleza yote. Maji, nta, Agosti, Novemba niliyodanganya, kigelegele, vipande sakafuni. Nilisema sikumwambia mume wangu, kwamba alikufa anaamini ni panya, na kwamba jambo moja tu linalonipa usingizi ni kuwa hakujua nilivyomwozeshea nguo ya mama yake.

Mzee alikuwa anaikunja ile nusu wakati nasema, na hakuacha kukunja.

"Alijua," akasema. "Nilimkuta Jumapili ile, kabla hajafa. Aliniambia mkono wako ulikuwa unanuka ukungu. Akasema, mke wangu amekaa hapa hana maneno, nimempa panya."

Alisema pia kwamba mume wangu alimkataza kuniambia, ila yeye ameona ni vibaya nikae na uongo ambao marehemu mwenyewe aliujua. Aliagana nami, akavaa viatu vyake, nikasikia lifti ikishuka.

Siku nne alilala pale akijua. Siku nne nilimlisha uji, nikamfuta uso, nikamsomea zaburi, na kila nilipoingia aliniangalia vile anavyoniangalia nikimpigia kelele, anasubiri. Mimi nilidhani anasubiri kufa. Neno langu moja tu lingetosha, naye alikuwa amekwisha nisamehe, akingoja mimi tu niombe. Sikuomba.